Gasketi ya Tundu Tatu

Pikapu ya Mama Getruda ilirudi gereji siku ya Jumatatu ikivutwa kwa kamba, mara ya tatu ndani ya miezi miwili, na Amos hakunyanyuka kuipokea. Alibaki amekaa juu ya tairi chakavu, spana mkononi, akiitazama inavyosukumwa kinyumenyume kuingia chini ya mabati.

Mkewe, Matrida, ndiye aliyekwenda kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Tangu waoane, miaka miwili sasa, majirani wa pale Mwisenge, Musoma, walikuwa wakisema kwamba huyu binti ukimsalimia asubuhi, jibu lake unalipata jioni. Lakini kazi za gereji alizijua. Kila injini iliyofunguliwa na Amos, yeye ndiye aliyeosha vifaa vyake kwa mafuta ya taa, akavifuta na kuvipanga juu ya gunia kwa mpangilio uleule vilivyotolewa, na Amos hakuwahi kutafuta hata nati moja.

Mama Getruda alishuka taratibu. Alikuwa nesi mstaafu wa Butiama, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na pikapu ile kuukuu ya dizeli ndiyo iliyobeba mahindi yake, mihogo ya jirani zake, na mara kwa mara mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu mbali na zahanati.

"Amos mwanangu," alisema, "maji yamechemka mpaka yameruka kwenye kioo. Na ule mpira wa rejeta umekuwa mgumu kama jiwe, vilevile kama mara ile."

"Nimesikia, mama."

"Sikulaumu. Ila kina mama wa kule wananitegemeaga. Juzi nimempakia mmoja kwenye pikipiki na uchungu wake, nikamshikilia kwa nyuma kama gunia. Nipe jibu moja tu, inapona au haiponi?"

Amos alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ijumaa nitaileta mwenyewe mpaka mlangoni kwako," alisema. "Ikishindwa kufika, mama, itafutie fundi mwingine. Mimi nitakuwa si fundi tena."

Mama Getruda alimtazama sana, kisha akamgeukia Matrida. "Yule mzee wa Bunda, Leodgar, aliyekuwa fundi wa jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, ndiye aliyekuwa anaishika hii gari zamani. Macho yake ndiyo yamekufa, akaacha kazi. Angekuwa anaona nisingewasumbua wanangu."

Alisema bila nia mbaya. Amos aliinamisha kichwa. Matrida akaliweka jina lile moyoni.

Mama alipoondoka, Amos alianza kulegeza bolti za hedi, kifuniko cha juu cha injini, bila hata kusubiri injini ipoe. Alisema akiwa amempa Matrida mgongo, kama vile anaongea na injini:

"Nimeongea na binamu yangu Mniko. Jumamosi anarudi machimboni Buhemba, na Ijumaa atakuwa Butiama kwao. Hii gari ikinifia tena barabarani sirudi huku. Naungana naye hukohuko."

Matrida alikuwa ameshika beseni la mafuta ya taa. Akaliweka chini.

Alikuwa darasa la tano baba yake alipokwenda Buhemba kutafuta dhahabu. Alirudi baada ya mwaka mmoja, bila dhahabu, na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka anakufa. Matrida akabaki nyumbani kumchemshia maji na kumwinua usiku, na shule ikaishia hapo, wakati mwalimu ndiyo kwanza anaanza kuandika ubaoni namba zenye nukta katikati. Mwalimu alizifuta kesho yake na Matrida hakuwepo. Kwa hiyo mtu akitaja Buhemba mbele yake, yeye alisikia kikohozi kwanza, ndipo akasikia jina.

"Umesikia?" Amos aliuliza.

"Nimesikia."

Basi. Wakaendelea na kazi.

Jambo ambalo Amos hakulijua ni kwamba Matrida alikuwa amebeba neno kooni kwa miezi miwili.

Lilianza siku ya kwanza pikapu ilipofunguliwa. Gasketi ya hedi iliyotoka ndani yake, bati jembamba la kuziba kati ya hedi na mwili wa injini, ile iliyofungwa na fundi wa zamani, ilikuwa na tundu mbili ndogo pembeni, nje ya sehemu inayobanwa. Matrida aliiosha, akazigusa kwa kidole. Amos alipotoka dukani na gasketi mpya, hiyo ilikuwa na tundu moja. Matrida alikusanya ujasiri wake wote, akasema taratibu, "Ile ya zamani ilikuwa na mbili." Boniphace, fundi wa gereji ya jirani, alikuwepo anasaidia kunyanyua hedi. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, hizo tundu ni za kutundikia dukani. Hujaona zinavyoning'inia kwenye misumari? Nyingine zina msumari mmoja, nyingine miwili."

Na ni kweli, maduka yote ya vipuri mjini yalikuwa yametundika gasketi zao kwa tundu zile. Amos naye alicheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu anayecheka kwa sababu mwenzake amecheka. Matrida alirudi kwenye beseni lake. Tangu siku ile hakuuliza tena kitu.

Siku hiyohiyo Boniphace alishauri bloku, ule mwili wa injini, lipelekwe likachongwe uso, liwe laini kama kioo. "Ukifungua injini usichonge, utakuwa umefungua nini?" alisema. Amos alikuwa amejifunzia kazi kwenye gari ndogo za petroli na pikipiki, na kwenye hizo alikuwa amechonga nyuso nyingi, na zote zilitoka gereji zikiimba. Bloku likapelekwa, likachongwa kidogo, likarudi linang'aa. Gasketi ya tundu moja ikakaa juu yake, bolti zilezile zikarudishwa. Injini ikawaka. Lakini ililia kwa sauti kavu, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko, na wiki haikuisha gasketi ikaungua. Wakafunga nyingine ya tundu moja. Nayo ikaungua.

Jumatano Amos alikwenda mjini kutafuta gasketi ya tatu. Matrida alibaki peke yake na bloku lililo wazi. Alichukua kitambaa, akaanza kulifuta, na kitambaa kikanasa.

Kilinasa kwenye ukingo wa pistoni. Kwenye injini za petroli alizoziosha, kitambaa kilipita juu ya pistoni bila kukutana na kitu, kwa kuwa pistoni ilikoma sawa na uso wa bloku au chini yake. Hii ilichungulia nje. Ilikuwa ikichungulia tangu siku ya kwanza, mkono wake ulikumbuka, lakini siku ile kitambaa kilikwaruza tu na kupita. Sasa kilinasa, uzi ukachomoka.

Alizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ilipopanda ikagota. Akailalisha rula ya chuma juu ya kichwa cha pistoni, na chini ya rula, hadi kwenye uso wa bloku, ukaonekana mwanga mwembamba. Akachukua fila geji ya Amos, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kama karata, ambavyo Amos hupimia pulagi na valvu. Akajaribu kimoja, kikapwaya. Akaongeza cha pili. Vikaingia viwili vikibanana vizuri, vikitoka kwa kusitasita. Alirudia kwenye pistoni ya pili, ya tatu na ya nne. Vilikuwa vilevile.

Kila kipande kilikuwa na namba, na namba zenyewe zilikuwa zile zenye nukta. Hakuamini kwamba angezishika akilini. Alivichomoa vipande viwili, akavifunga pamoja kwa uzi mweusi, akavitia kwenye leso.

"Kesho nakwenda Bunda kwa dada Flora," alimwambia Amos wakati wa chakula.

"Amekuita?"

"Hapana. Nimemkumbuka."

Amos alimega ugali, akakaa nao mkononi. "Nenda," alisema. "Nikiondoka hutapata mtu wa kumwachia nyumba."

*

Flora, dada yake wa tumbo moja, alimpeleka mpaka kwenye uzio wa mzee Leodgar, akamwacha hapo, kwa sababu alikuwa ameacha maharage jikoni. Matrida alisimama langoni muda mrefu. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima kutoka Musoma, na sasa yalikuwa yamemkimbia yote.

"Aliyesimama hapo ama aingie ama auze anachouza," sauti ilisema kutoka barazani.

Mzee alikuwa mwembamba, amevaa ovaroli safi iliyofuliwa mpaka ikapauka, na miwani minene. Alikuwa akifumua redio kwa kupapasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi... natoka Musoma. Pikapu ya Mama Getruda. Inaunguza gasketi."

Mzee aliweka bisibisi chini. "Ngapi sasa?"

"Mbili."

"Wewe ndiye fundi?"

"Hapana baba. Mume wangu. Mimi naosha vifaa."

"Ndiye kakutuma?"

Matrida alishika fundo la leso. Mzee akacheka kidogo kupitia puani. "Hujatumwa. Kaa hapo kwenye kigoda. Bloku lilichongwa?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni neno la wauza maziwa. Kidogo kiasi gani?"

Matrida alifungua leso, akamwekea vile vipande viwili kiganjani. Mzee alivipapasa, akaugusa uzi, na uso wake ukabadilika.

"Hivi ndivyo vilivyoingia chini ya rula?"

"Kwenye pistoni zote nne."

"Nisomee namba zake. Mimi naona ukungu."

"Kuna nukta baba," Matrida alisema kwa aibu. "Nukta sikuzifikia shuleni."

"Achana na nukta. Soma kilicho baada yake."

"Hamsini. Na hiki kina arobaini na tano."

"Jumlisha."

"Tisini na tano."

"Sasa ni shule gani nyingine unayoitaka?" Mzee alisema. "Tisini na tano. Mimi niliiacha kwenye themanini na tano, nikaifunga gasketi ya tundu mbili. Amechonga kumi, kama unene wa karatasi moja. Na ninyi mmefunga ya tundu ngapi?"

"Moja."

"Moja ndiyo nyembamba kuliko zote. Tatu ndiyo nene. Tundu zile ni vipimo, mwanangu. Fundi ahesabu hata akiwa hana kitabu."

Matrida alihisi joto likipanda shingoni. Hakujua kama ni aibu au ni furaha. Aliuliza swali lake la pili, na lilitoka lenyewe, bila kupangwa. "Lakini anachongaga nyingine za petroli. Mbona hazifanyi hivi?"

Mzee alimgeukia kama aliyesubiri swali hilo miaka mingi.

"Kwa sababu hii ilizaliwa ya petroli halafu ikabatizwa dizeli. Waliochora bloku lake walilichorea petroli. Baadaye watu wakataka dizeli, nao wakachukua bloku lilelile, wakabadilisha pistoni na hedi, wakasema tayari. Sasa sikiliza. Silinda moja ya hiyo gari inavuta hewa ya vikombe viwili vidogo vya chai. Ikiwa petroli, pistoni ikipanda, hewa yote ile inabanwa ikae kwenye nafasi ya vijiko vitatu vya chakula. Mara tisa. Halafu pulagi inapiga cheche, mafuta yanawaka. Dizeli haina cheche. Dizeli inawaka kwa joto la kubanwa tu. Kwa hiyo hewa ileile lazima uisukume mpaka iingie kwenye kijiko kimoja na ushee. Mara ishirini na tatu. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Kifua ni kilekile, bolti ni zilezile, pumzi imezidi mara mbili na nusu. Inavumilia, lakini inavumilia ukingoni. Ukichonga, ukaweka na gasketi nyembamba, umepunguza nafasi kama robo ya kijiko cha chai. Kwenye vijiko vitatu vya petroli, robo hiyo nani ataiona? Kwenye kijiko kimoja, umetoka ishirini na tatu, umepita ishirini na nne. Jineri tulikuwa na mashine ya kushindilia marobota. Robota likishafika kipimo, ukiongeza pamba ya kukumbatia mara moja tu, mkanda wa chuma unakatika. Ndivyo zinavyofanya bolti zenu. Mlirudisha zilezile?"

"Zilezile."

"Zimeshavutika hizo. Kwenye hii, bolti inafungwa mara moja, ikifunguliwa inatupwa."

Aliinuka, akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na bolti mpya zilizopakwa grisi, na gasketi mbili ndani ya karatasi yake. Alipitisha dole gumba pembeni mwa ya kwanza, akairudisha. Akapitisha kwenye ya pili.

"Tatu," alisema. "Niliziweka kwa ajili ya gari hiyohiyo. Kisha macho yakaniaga. Nipe namba ya mumeo nimpigie nimweleze, maana na kufunga kwenyewe kuna mpangilio."

Kichwani Matrida alimwona Amos akiipokea simu ile mbele ya Boniphace, akaiona sura yake.

"Hapana baba," alisema. "Nieleze mimi. Nitamwambia mwenyewe."

Mzee alimweleza mara mbili, na mara ya pili akamfanya arudie kwa kidole juu ya meza: bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kuvukana, kwa mikupuo mitatu. Kisha akapokea malipo yake bila kuhesabu.

*

Aliporudi Mwisenge jua lilikuwa limeinama. Amos na Boniphace walikuwa wameshainua hedi, kila mmoja kashika upande wake, na juu ya bloku ilikuwa imelazwa gasketi mpya. Ilikuwa na tundu moja.

"Shemeji karudi," Boniphace alisema. "Umetuletea nini Bunda, karanga?"

Matrida alishika mfuko kifuani. Angengoja Boniphace aondoke, na hedi ingekuwa imeshafungwa. Angesema sasa hivi, na Amos angevuliwa nguo mbele ya mwenzake. Hedi ilikuwa inashuka.

"Amos," alisema, "njoo kwanza stoo unisaidie."

"Ngoja tuweke."

"Njoo kwanza."

Hakuwahi kumwambia hivyo tangu waoane. Amos alimtazama, akamtazama Boniphace.

"Nenda, serikali imeita," Boniphace alisema, wakaiweka hedi juu ya benchi.

Stoo ilikuwa chumba cha mabati chenye upana wa kitanda. Matrida alitandika gunia, akapanga gasketi tatu bega kwa bega: ile ya tundu mbili aliyoiosha siku ya kwanza, moja ya zilizoungua, na ya Bunda.

"Hizi tundu si za kutundikia," alisema. "Ni unene. Hii ni nyembamba. Hii ndiyo nene. Bloku likichongwa, pistoni inazidi kutokeza, kwa hiyo unafunga nene. Nimeambiwa na mzee Leodgar. Lakini nilipima kabla sijaenda."

"Ulipima na nini?"

"Rula na fila geji yako. Tisini na tano. Alipoifunga yeye ilikuwa themanini na tano."

Amos alichukua ile nyembamba na ile nene, akazibana kati ya vidole, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Alikaa nazo hivyo. Nje Boniphace alikuwa anapiga mluzi.

"Mimi ndiye niliyeipeleka kuchongwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe uliniambia habari ya tundu siku ya kwanza."

Matrida alinyoosha ukingo wa gunia.

"Nikacheka," Amos alisema.

"Alicheka Boniphace. Wewe ulimsaidia tu."

Amos alitoa sauti ambayo ilikuwa nusu ya kicheko, akaketi juu ya ndoo. Akamshika mkono, ule wenye harufu ya mafuta ya taa isiyotoka hata kwa sabuni, akauweka kwenye paja lake bila kuutazama. Wakakaa hivyo mpaka mluzi ukakatika.

"Umeniita huku ili asisikie," alisema.

"Ndiyo."

Aliinuka, akachukua gasketi ya Bunda, akatoka nayo nje mkononi, wazi. Matrida akamfuata akidhani ataiweka tu kimyakimya. Lakini Amos alienda mpaka kwenye benchi, akaichukua rula ya chuma, akampa.

"Mpimie Boniphace," alisema. "Aone."

Matrida alitamani ardhi ipasuke. Lakini aliondoa ile gasketi ya tundu moja, akailaza rula, akaingiza vipande viwili vyenye uzi. Boniphace aliinama, jicho moja limefumba. Amos akamweleza yote, ya vijiko na ya tundu, kama Matrida alivyokuwa akimnong'oneza pembeni, akisahau hapa na pale na kumgeukia, "Eti ilikuwa mara ngapi?" naye akijibu, "Ishirini na tatu."

Boniphace alijikuna kidevu. "Kwa hiyo miaka yote hii maduka yanatundikia vipimo."

"Yanatundikia."

"Na mimi nikasema mbele za watu."

"Tulisema wote," Amos alisema. "Shika upande wako."

Walifunga bolti mpya, Matrida akitaja inayofuata kwa kidole, kutoka katikati kwenda pembeni. Injini ilipowaka, ile sauti ya sufuria haikuwepo.

*

Ijumaa asubuhi Matrida aliona mfuko wa nguo wa Amos nyuma ya pikapu, umefunikwa na turubai. Hakuuliza. Alipanda mbele, akakaa na chupa ya maji miguuni.

Njia nzima Amos aliendesha kama aliyebeba mayai, jicho kwenye mshale wa joto. Walipofika kwenye mwinuko mrefu wa kwanza mshale ukaanza kupanda. Ulifika katikati, ukazidi kidogo. Amos alizima redio. Akashusha gia. Jasho lilimtoka kwenye nywele, likashuka mpaka shingoni, hakulifuta.

"Simamisha," Matrida alisema.

"Tukisimama hapa haiwaki tena."

"Simamisha, Amos. Mkono utajua."

Alisimamisha pembeni, injini ikiunguruma. Matrida alifungua boneti, akakunja kanga yake, akaubana ule mpira wa rejeta kwa kiganja. Ulikuwa wa moto. Lakini ulibonyea. Alibonyeza tena, ukabonyea tena na kurudi, kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Mara zile mbili ulikuwa jiwe, kwa sababu moto wa silinda ulikuwa unapenya gasketi na kujaza maji upepo.

"Njoo ushike," alisema.

Amos alishuka. Aliweka kiganja chake juu ya cha mkewe, akabonyeza. Alibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lori la pamba lilipita, dereva akawapigia honi kwa kudhani wamekwama.

"Ni mlima tu," Amos alisema hatimaye. "Gari ikipanda mlima inapata joto. Ni kawaida."

"Ni kawaida," Matrida alisema.

Waliingia Butiama saa tano. Mama Getruda alikuwa amesimama uani, na alipoona pikapu inaingia bila kamba, aliweka mikono kiunoni. Alizunguka mbele, akasikiliza.

"Hii siyo ile sauti," alisema. "Ulikuwa ni ugonjwa gani?"

"Ulikuwa mkono wangu, mama," Amos alisema. "Niliichonga, nikaifunga gasketi nyembamba. Aliyeona ni huyu."

Mama Getruda alimgeukia Matrida, naye akasubiri. Alikuwa mtu aliyezoea kusubiri wagonjwa waseme wenyewe. Matrida aliangalia viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia vizuri, "Kitambaa kilinasa, mama. Ndipo nikapima."

"Basi mwenye kitambaa aje ndani kwanza, mwenye spana atafuata," Mama Getruda alisema.

Ndipo pikipiki ikasimama barabarani na Mniko akapiga honi mara mbili. Alikuwa kijana mrefu mwenye tochi ya kichwani hata mchana. Amos aliitazama pikapu, akautazama mfuko chini ya turubai, akaenda kwake mikono mitupu.

Matrida alibaki kwenye kizingiti. Hakuweza kusikia. Aliona Mniko akionyesha upande wa Buhemba, akiongea kwa mikono yote miwili. Aliona Amos akitikisa kichwa, akiinama, akichora tundu tatu kwa kidole kwenye vumbi la tangi la pikipiki, na Mniko akicheka kwa kejeli na kupiga stata. Vumbi lilipotulia Amos alikuwa anarudi polepole, akifuta kidole kwenye suruali.

"Kasemaje?" Matrida aliuliza.

"Kasema mimi mwoga. Naogopa shimo, naogopa na mke."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni kweli."

Alisogea kizingitini, akasimama kando yake, bega likigusa bega. Kutoka ndani Mama Getruda aliwaita kwamba chai inapoa.